Koti la Karume limepiga kazi Wales, kifurushi cha wakala sikirudii tena

Juzi mwanangu kanitumia picha, kasimama pembeni ya ukuta wa lile kasri la shule yao, mvua inapiga kwa ubavu, upepo umemshika skafu inapepea huko nyuma, na yeye anacheka meno yote nje kavaa koti la elfu arobaini nililomnunulia kwenye soko la mitumba la Karume. Nimeiangalia picha ile mpaka nikasema leo naandika, maana mwaka jana kuanzia mwezi wa nne mpaka wa nane nilimtafuta mtu wa kuniambia kwa Kiswahili cha kueleweka mtoto wa Dar anayekwenda bweni Uingereza anunuliwe nini, wapi, nani alipwe na nani asilipwe, sikumpata, nikajifunza kwa hela yangu. Sasa wewe mzazi mwenzangu ambaye wa kwako anaondoka mwaka huu soma kabla hujatoa hata mia.

Kwanza mjue ni shule gani ili msije mkanunua vitu vya nchi nyingine. Binti yangu yuko UWC Atlantic, moja ya zile shule za kimataifa za UWC, kusini mwa Wales, karibu na mji mdogo unaitwa Llantwit Major, shule iko ndani ya kasri la kale la St Donat's, imejengwa juu kidogo halafu chini yake bahari. Imeanza 1962. Ni za familia moja na ile ya Moshi na Arusha, wengi mnaijua kama International School Moshi ya tangu 1969, ambayo 2019 ikawa UWC East Africa. Wanasoma miaka miwili, mtaala wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate), wanaingia wakiwa na umri wa miaka 16 hadi 18 hivi. Yeye alimaliza kidato cha nne, akapita mchujo wa kamati ya UWC ya hapa nchini, akapata ufadhili wa ada na malazi. Viza, nguo na vikorokoro vyote vilituangukia sisi, na mi ni mama wa duka la vifaa vya shule Tabata, hela inahesabiwa.

Huyu mtoto si mgeni wa bweni. Kidato cha kwanza nilimpeleka mwenyewe na tranka lake, ndoo mbili, jembe, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, godoro limefungwa kamba juu ya basi. Ile fomu ya joining ilikuwa inasema kila kitu mpaka rangi ya soksi. Sasa hii ya Wales ikaja orodha fupi, nguo za mvua, nguo za joto, viatu vya kutembelea kwenye matope, nguo za kawaida za darasani, vazi la kwenu. Basi. Nikaisoma mara tatu, nikaogopa. Nguo za mvua zipi? Joto kiasi gani? Woga huo ndo ulionipeleka kwa wakala.

Simtaji jina, nasema tu ni ofisi ya hapa Dar inayosaidia wanafunzi wa kwenda nje, ghorofani, kiyoyozi, mapokezi mazuri, unapewa maji ya chupa. Wakanipa kifurushi cha maandalizi, laki tisa na nusu. Ndani yake kulikuwa na kujaziwa fomu ya viza, semina ya masaa mawili, orodha ya manunuzi, na begi moja la matairi. Nikalipa siku hiyo hiyo kwa sababu waliniambia nafasi zinaisha. Hilo neno la nafasi zinaisha likikufikia wewe simama, nenda nyumbani ukalale, kesho yake uamue.

Fomu ya viza waliijaza, kweli, ila jina la katikati la mtoto walilikosea halikufanana na pasi ya kusafiria, na mimi ndo niliyeliona usiku nikiwa napitia kwa simu kabla haijatumwa. Nilivyowapigia wakasema ni kitu kidogo. Si kitu kidogo jamani, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, pasi inasema hivi, fomu inasema vingine, mtoto ana miaka 17, unafikiri ofisa wa viza atakuonea huruma? Tukairekebisha wenyewe mimi na binti mezani, na hapo ndo nikagundua fomu yenyewe iko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, maswali yake yanaeleweka, na maelezo yake yote ni bure.

Kwahiyo niwape ninyi bure pia. Shule inakutumia namba yao ya uthibitisho, inaitwa CAS, bila hiyo usianze chochote. Unaruhusiwa kuomba ndani ya miezi 6 kabla masomo hayajaanza. Mtoto chini ya miaka 18 anahitaji barua ya ridhaa ya wazazi na cheti cha kuzaliwa cha kuonyesha nyie ndo wazazi, kama baba na mama hamkai pamoja shughulikieni mapema, msingoje wiki ya mwisho kuanza kutafutana. Anatakiwa kipimo cha kifua kikuu, si hospitali yoyote tu unayoijua wewe, ni kwenye kliniki waliyoiidhinisha, kwa hapa Dar ni ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, wanapiga eksirei ya kifua na kama yuko salama wanatoa cheti kinachodumu miezi 6. Pale nilipokelewa vizuri sana, yule dada alimweleza mtoto kila hatua, mtoto alikuwa anatetemeka akatoka anacheka. Halafu kuna ile tozo ya afya ambayo watu wengi huishtukia mwishoni, wakati wetu ilikuwa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, inalipwa mtandaoni hapo hapo kwenye maombi kabla hata hujajua kama utapewa, mbali na ada ya viza yenyewe. Iweke pembeni mapema. Faida yake ni kwamba mtoto akifika anaandikishwa kwa daktari na anatibiwa, mwanangu kaumwa koo mwezi wa kumi na moja katibiwa hatujalipa kitu.

Sasa turudi kwenye orodha ya manunuzi ya yule wakala, maana hapa ndo nina hasira zaidi. Iliandikwa kwa mtu yeyote anayekwenda popote. Adapta tatu za umeme! Soketi za Uingereza ni zile zile za kwetu, pini tatu bapa, chaja uliyonunua Kariakoo inaingia vile vile ilivyo, sisi tulirithi kwao. Nilinunua zote tatu, ziko kabatini mpaka leo. Halafu wakasisitiza lile koti nene la kuvimba kama mto, la theluji, wakanielekeza duka fulani la mall, laki tatu na ishirini. Kwenye semina walituonyesha picha za theluji nusu saa nzima. Sasa kule pwani ya Wales theluji inaonekana kwa nadra, kinachokuumiza ni mvua na upepo wa bahari, joto wakati wa baridi linacheza kwenye nyuzi 3 mpaka 8 hivi, na lile koti la manyoya likilowa limekwisha, linashikamana, linakuwa zito na halitunzi joto tena. Ashukuriwe Mungu hilo sikulinunua, maana hela ilikuwa imeshakata.

Aliyeniokoa ni binti mmoja wa Kitanzania aliyekuwa anamaliza shule hiyo hiyo, kamati ilituunganisha naye kwenye WhatsApp. Nilimuuliza yule binti, mtu akivaa nini huko ndo hateseki, akanijibu kwa sauti, "Shikamoo mama, kitu cha juu kisiingize maji, cha ndani kiwe cha joto, suruali ya jinzi abebe moja tu maana ikilowa haikauki." Sentensi moja, bure. Semina ya masaa mawili haikunipa hiyo.

Nikaenda Karume.

Wale mliozoea mnajua, ukishuka Ilala Boma unaingia soko la mitumba, soko liliungua Januari 2022 watu wakaanza upya na biashara imesimama tena. Nilikwenda Jumanne asubuhi kwa sababu niliambiwa siku hizo za kati ya wiki wanafungua mabelo na hakuna msongamano wa Jumamosi. Kwenye makoti kuna meza nyingi na wengi wanakuita tu mama njoo mama karibu mzigo mpya, ila kuna kaka mmoja hakuniita. Nikasimama nikashika koti, akasema, "Shikamoo mama. Linakwenda wapi hilo?" Nikasema marahaba, linakwenda Uingereza, Wales, shule. Akalitoa mkononi mwangu akalirudisha kwenye lundo. "Hilo la Makambako, mama. Wales kuna mvua."

Yule kaka hajawahi kupanda ndege, kaniambia mwenyewe, lakini ana miaka kumi na moja anauza makoti na anayajua kwa vidole. Alichokifanya ni hiki, alichambua belo zima akatoa makoti manne, akayageuza ndani nje, akanionyesha mishono. Koti la mvua la kweli mshono wake kwa ndani umebandikwa utepe, kwa sababu sindano ikipita inaacha tundu na maji yanapita kwenye tundu. Kama utepe umeanza kubanduka kama ngozi ya nyoka, achana nalo hata liwe jipya kwa macho. Halafu akachukua chupa yake ya maji ya kunywa akamwaga begani kwa koti la kwanza, maji yakanywewa kitambaa kikawa cheusi, akalitupa. La pili hivyo hivyo nusu. La tatu maji yakasimama vidonge vidonge yakateleza chini kama kwenye jani la mgomba, akalikung'uta, akalikunja, akaniambia hili ndo lake. Kofia ina kamba za kukaza, mikono ina vifungo vya kubana, zipu ina kifuniko juu yake. Zipu yenyewe ilikuwa mbovu. Akasema wazi zipu mbovu, nenda kwa fundi, kwahiyo badala ya elfu hamsini na tano nipe arobaini.

Kwa fundi cherehani wa jirani hapo hapo zipu mpya elfu sita, akapunguza na mikono. Jumla elfu arobaini na sita, na koti hilo kibandiko chake cha ndani kinaonyesha lilitengenezwa kwa ajili ya soko la Uingereza huko huko, maana sehemu ya mitumba yetu inatoka kwao. Limerudi nyumbani kwao likiwa limembeba mwanangu. Toka mwezi wa tisa analivaa karibu kila siku na mpaka leo bega halijalowa. Nampa yule kaka nyota tano na kama kungekuwa na ya sita ningempa.

Kwenye meza ya dada yake upande wa pili nikachukua sweta tatu za sufu kwa elfu kumi na nane zote, zile za kufuma zinazowasha kidogo shingoni, na hizo ndo zinazotunza joto, si zile nyepesi za kung'aa. Nikafua kwa maji ya vuguvugu, nikaanika kivulini. Suruali mbili nyepesi za kukauka haraka, elfu nane kila moja. Nguo za ndani za kubana za joto sikununua mtumba, hizo nilinunua mpya Kariakoo.

Ila niwe mkweli, viatu mtumba hapana. Nilinunua buti za kupandia milima kwenye meza nyingine kabisa, zinapendeza, soli nene, elfu thelathini na tano. Wiki ya pili kule soli ya kulia ikabanduka mtoto akiwa njiani kwenye matope, na ya kushoto ikafuata. Viatu vilivyokaa miaka kwenye stoo gundi na soli yake inaoza kwa ndani bila wewe kuona, inasagika kama biskuti. Ikabidi nitume hela anunue vipya huko, na nilivyolia siku ile si kwa sababu ya hela, ni kwa sababu alinificha siku tatu anatembea na soksi mbichi asinipe wasiwasi. Kwa viatu jikaze ununue vipya, au mwache atue na raba nzuri halafu anunue akifika.

Begi la wakala. Lilikuwa sehemu ya kifurushi, jekundu, zuri kwa macho, matairi manne yanazunguka. Tairi moja lilitoka uwanjani Julius Nyerere kabla hata hatujafika kwenye mizani. Nikarudi nyumbani na picha ya mwanangu analiinamisha upande mmoja analiburuta kama mgonjwa. La pili nilinunua mwenyewe Kariakoo, elfu tisini, tairi mbili kubwa za mpira na mshikio wa chuma, nililipima dukani kwa kulijaza mabegi mengine ndani na kuliburuta barabarani kwenye mashimo mwenye duka ananiangalia. Hilo lipo zima. Tiketi yetu iliruhusu mabegi mawili ya kilo 23, nikaazima mizani ya muuza mchele usiku ule wa mwisho, naomba na wewe ufanye hivyo, uwanjani kuna familia tuliwaona wamefungua kila kitu sakafuni mtoto analia, na mzigo uliozidi wanatia kwenye shangazi kaja kurudisha nyumbani.

Kuhusu nywele hakuna orodha itakayokuambia, na kwa mtoto wa kike ni jambo kubwa. Kusuka kule bei yake inatisha na saluni iko mbali na shule. Mwezi wa saba wote binti alikwenda kila jioni kwa mama mmoja msusi hapa mtaani kwetu, nilimlipa elfu sitini afundishwe kujisuka mwenyewe, siyo kusukwa. Akaanza na tatu kichwa, akaenda kwenye twende kilioni, mpaka rasta ndogondogo akawa anaweza kwa vioo viwili. Tukafunga paketi kumi za rasta na mafuta ya nazi kwenye begi kubwa. Sasa hivi anawasuka wenzake, kuna wa Ghana, kuna wa Brazil, Jumapili chumba chao kinajaa, na ananiambia mama marafiki wa kwanza niliwapata kwenye nywele. Elfu sitini ile naihesabu ndiyo hela iliyofanya kazi kuliko zote, kuliko hata koti.

Vitabu pia. IB wanachukua masomo sita na mojawapo ni fasihi ya lugha yako, na Kiswahili kinaruhusiwa, mwanafunzi anajisomea mwenyewe kwa kusimamiwa hata kama hakuna mwalimu wa Kiswahili pale shuleni. Mi nilivyosikia nilifurahi mpaka nikampigia mwalimu wake wa zamani wa Kiswahili. Tukaenda duka la vitabu la TPH pale Samora tukachukua riwaya na diwani. Muulize mratibu wa shule kwanza orodha ya kazi zinazokubalika, halafu nunua hapa, kule hutazipata kirahisi na posta inachelewa. Kikokotoo ni kasoro iliyobaki, hesabu zao zinataka kile cha kuchora grafu, hiki chetu cha mtihani wa NECTA hakitoshi, nilizunguka Kariakoo siku mbili sikukipata, mwishoni alinunua kilichotumika kwa mwanafunzi aliyemaliza.

Chakula nitasema kifupi. Bibi yake alileta samli chupa mbili kutoka Singida, na ilibidi niitoe kwenye begi mbele yake, maana Uingereza hawaruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa. Bibi alinyamaza jioni nzima. Tulibeba bizari ya pilau, majani ya chai, pilipili ya unga na unga wa sembe kilo mbili, vyote vilipita. Ukiwa na mzee nyumbani mwambie mapema hiyo habari ya samli, usisubiri siku ya kufunga.

Na ile sehemu ya vazi la kwenu usiifanyie haraka. Nilitumia saa nzima Mtaa wa Uhuru nikisoma majina ya khanga moja moja, muuzaji kanivumilia, nikachukua doti tatu, moja ya kuvaa kwenye jioni za utamaduni, moja ya kumpa mlezi wa nyumba yao, moja ya kulalia. Hiyo ya kulalia hakuiomba. Mwezi wa kumi na mbili kule jua linazama saa kumi jioni, ndo linachomoza saa mbili asubuhi na zaidi, na yeye ananipigia saa moja usiku ya kwao huku kwetu saa nne, kajifunika khanga kichwani mpaka kidevu, ananihadithia kwamba maji ya bahari pale yanapwa na kujaa kwa kimo ambacho Coco Beach hujawahi kukiona, eti ni kati ya sehemu zinazoongoza duniani, asubuhi maji yako ukutani mchana yamekwenda mbali miamba yote nje. Namsikiliza mpaka bando linakata.

Nikijumlisha, wakala nampa nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya yule dada wa mapokezi. Begi lake sifuri. Duka la begi la Kariakoo nne. Msusi tano. Buti za mtumba sifuri. Karume kwenye makoti tano.

Wiki iliyopita nilipita pale kumwonyesha yule kaka picha ya kasri na koti. Aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akawaita wenzake wa meza za jirani waje waone, akauliza maji yameingia? Nikamwambia hayajaingia. Akasema mzigo wa makoti unafunguliwa Jumanne ijayo, mwenye mtoto anayeondoka mwaka huu aje kabla ya saa nne asubuhi, amwambie katumwa na mama wa Wales, na aje na kipimo cha bega la mtoto kimeandikwa kwenye karatasi.